Jiwe Lililopewa Jina la Austine

Burumba, Busia
Jumapili, 9 Machi 2025

Brendah,

Salamu utazipata siku nyingine, leo sina. Na usinipigie simu, sitashika. Kwa simu wewe hunikatiza, unaanza "lakini Mama, lakini Mama." Barua haina lakini. Nimempa kondakta wa basi la Nairobi, uichukue hapo stendi.

Nani alikutuma? Nakuuliza tena, nani alikutuma kuchukua jina la kaka yako na kulipatia jiwe?

Leo nilifunga duka nikaenda nyumbani Butula, kanisani. Kabla ya sadaka, baba yako mkubwa Methuselah akaomba nafasi ya tangazo. Mimi nikadhani ni ile harambee ya choo cha kanisa. Kumbe! Akatoa gazeti mfukoni, akavaa miwani, akasoma kwamba binti yetu Brendah, msomi wa nyota huko Nairobi, amepewa heshima ya kuchagua jina la asteroidi, ati ni mwamba mkubwa unaozunguka jua, na amelichagua jina la kaka yake, Austine. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga, Mungu anisamehe.

Halafu akakunja gazeti. "Mnajua desturi yetu Wamarachi," akasema. "Jina la mtu hapewi mwingine wakati mwenyewe yuko hai. Sasa dada mtu amesema mwenyewe, mbele ya dunia nzima. Austine alikufa. Jumamosi tarehe ishirini na mbili tunamzika."

Watazika nini? Mgomba! Kwa sababu mwili hakuna, watakata mgomba shambani, waufunge shuka, waulaze kaburini, waniambie nilie, ati huyo ndiye mtoto niliyemnyonyesha.

Tangu lori la dereva Okiria livamiwe njia ya Juba, naye Austine, utingo wake, asirudi, ni miaka mitano nikiukataa huo mgomba. Miaka mitano Methuselah anabisha na mimi nafunga mlango. Na unajua vizuri kinachofuata. Shamba bado liko kwa jina la babu yako, kwa hivyo wazee wa ukoo ndio hugawa. Mgomba ukishafukiwa, Trizah mke wa Austine ni mjane. Mjane Mteso, si wa kabila letu, wa kutoka Malaba, mwenye mtoto mmoja, tena msichana! Ataambiwa akubali kurithiwa na yule mtoto mlevi wa Methuselah, au arudi kwao aiache nyumba. Nyumba ambayo Austine alijenga kwa matofali aliyochoma kwa mkono wake! Methuselah ameshaonekana pale akipima na miguu, anataka kupanda miwa mpaka mlangoni.

Alikuwa anatafuta panga. Wewe umempa, tena umemshikisha mpini.

Futa hilo jina.

Mama yako,
Zilpa


Nairobi
Jumatano, 12 Machi 2025

Mama,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimelia, kwanza kwa uchungu, halafu kwa hasira. Na hasira yenyewe sijui nimpe nani, wewe au Baba Mkubwa.

Jina haliwezi kufutwa. Kuna kamati ya wanasayansi wa dunia inayokubali majina, na ikishatangaza, imetangaza. Mimi sikuuza jina la kaka yangu. Ule mwamba nimeufanyia kazi miaka minne. Aliyeugundua ni mzee mmoja wa ng'ambo ambaye sasa amestaafu, na ndiye mwenye haki ya kupendekeza jina. Akaniandikia, "Binti, hesabu za njia yake ni zako. Jina chagua wewe." Ulitaka nichague nini? Jina la mbunge?

Wacha nikwambie ni kitu gani, kwa sababu naona watu huko wanadhani nimemwita kaka yangu changarawe. Kiko kati ya sayari mbili, Mirihi na Mshtarii, kwenye ule ukanda wenye mawe mengi. Upana wake ni kilomita tisa hivi. Hakijaviringa, ni kirefu upande mmoja na kimebonyea upande mwingine kama kiazi kitamu, na kinajizungusha chenyewe mara mbili na zaidi kwa siku. Ni cheusi Mama, cheusi kuliko lami ya barabara. Mwanga wa jua ukikipiga, kwa kila mafungu mia kinarudisha manne tu. Ni kwa ajili ya kaboni, ile ile iliyo ndani ya makaa unayopikia. Ndiyo maana ni vigumu kukiona hata kwa darubini kubwa.

Lakini ndani ya huo weusi kuna udongo wa mfinyanzi, na ndani ya udongo kuna maji yaliyoshikwa humo tangu jua likiwa changa. Jiwe lenyewe si zito kama mawe ya kwetu. Ni rundo la vipande vilivyowahi kuvunjwa vikashikana tena, na katikati yake kuna nafasi tupu. Kila nilipolitazama nilimwona Austine, kijana aliyekuwa anarudi kutoka tanuri la matofali mweusi kwa masizi mpaka kope, meno tu ndiyo yanaonekana, na hana neno baya na mtu.

Sasa acha niseme lile ambalo kwa simu ungenikatiza. Mama, desturi naijua. Nilijua maana ya kulitoa jina. Nililitoa kwa sababu naamini Austine hayupo tena. Miaka mitano! Angekuwa hai angetafuta simu ya mtu yeyote. Nakuona ukimngoja na roho yangu inauma. Kukubali si kumsaliti. Pengine hata mgomba, pamoja na ubaya wote wa Baba Mkubwa, ungekupa mahali pa kuweka huzuni yako. Mambo ya Trizah tutayapigania baadaye, hata kwa wakili. Lakini kubali kwanza.

Mwanao,
Brendah


Burumba, Busia
Ijumaa, 14 Machi 2025

Msomi,

"Kubali"! Ebo! Mimi Zilpa unaniambia kubali, ati unaniona nikimngoja! Umeniona wapi, kwenye darubini?

Kaa chini nikufundishe. Wewe umenifundisha jiwe, sasa ni zamu yangu.

Okiria alikuja dukani kwangu mwezi ule ule waliovamiwa. Alivuka Malaba asubuhi, hakupita hata kwake, alikuja moja kwa moja Busia akiwa na nguo alizovaa njiani. Akasimama kati ya magunia, anakunja na kukunjua kofia yake, mtu mzima na ndevu zake. Akaniambia kila kitu. Alikuwa amejificha kwenye nyasi na alimwona Austine kwa macho yake mawili. Sitakuandikia alichoona. Nilimpa chai akashindwa kuinywa. Nikamwambia, "Okiria, umeniambia mimi. Trizah utamwambia sasa hivi mbele yangu. Kisha huo mdomo ufunge mpaka nikwambie ufungue."

Trizah alikuwa ananisaidia kuuza siku hiyo; alipokwisha kuambiwa, tuliingia stoo, mimi na yeye. Nikaongeza sauti ya redio. Trizah akaingiza uso kwenye gunia la maharagwe akalia humo ndani, na mimi nikamshika mgongo. Wateja walikuwa wanagonga. Tukanawa, tukafungua, tukauza. Hayo ndiyo matanga ya Austine. Tuliyafanya siku moja na hatukualika mtu.

Kwa hivyo usinihubirie. Mwanangu nilimzaa mimi, na kufa kwake nimekujua mimi kabla ya wewe kuanza hizo hesabu zako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mwenda Juba akitajwa sokoni mimi nasema, "Austine yuko, atakuja." Wanawake wananihurumia, wanasema Mama Austine kichwa kimeanza kuruka. Waseme! Maadamu Austine "atakuja," Trizah ni mke wa mtu. Maadamu ni mke wa mtu, hakuna mwanamume wa ukoo atakayevuka ule mlango, na mjukuu wangu analala kwenye nyumba ya baba yake. Mtoto ana miaka tisa. Nataka afike mahali pa kusimama mwenyewe. Basi nimemweka baba yake hai kwa huu mdomo wangu kila siku ya Mungu, na huo mdomo umechoka, Brendah. Halafu wewe, na digrii zako tatu, unakuja kunimwagia yote.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu wewe hujui kudanganya. Tangu utotoni uongo ukikukaribia unaanza kujikuna masikio. Sikukulaumu kwa hilo, nilikuacha tu nje.

Sasa umeingia. Mwandikie baba yako mkubwa kabla ya Jumamosi. Mwambie Austine yuko hai.

Zilpa


Nairobi
Jumatatu, 17 Machi 2025

Kwa Baba Mkubwa Methuselah,
Butula

Nakuamkia, na nakuomba usome barua hii mbele ya wazee, kama ulivyosoma lile gazeti mbele ya kanisa. Nakala nimemtumia Mama.

Umesema mimi nimetangaza kifo. Tangazo limeandikwa kwa kifupi na nimelitazama tena: linasema Austine ni kaka wa mtafiti, mchomaji matofali na mtu wa safari za mbali, kutoka Busia. Neno marehemu halimo. Umelitoa wapi? Na huko majina yanakotolewa, desturi si yetu. Walimu wangu watatu wana mawe yao angani yenye majina yao, na jana nilikula chakula cha mchana na mmoja wao. Alimaliza sahani akaongeza. Basi usiniwekee kinywani neno ambalo sikulitamka, tena mbele ya madhabahu.

Lakini kwa kuwa umelipenda jiwe langu, nitakueleza habari yake yote, maana ulisoma nusu.

Lilionekana mara ya kwanza miaka mingi kabla sijaenda chuo, katika picha chache za majuma mawili. Kisha likapotea. Jiwe jeusi huonekana tu likiwa karibu na sisi na jua likilipiga usoni. Njia yake si duara sawa, ina umbo la yai, na imeinama, kwa hivyo kuna wakati linapanda juu ya njia za sayari na wakati linazama chini yake. Kuzunguka jua mara moja ni zaidi ya miaka mitano. Wale waliokuwa na picha za majuma mawili hawakuweza kujua limeelekea wapi, kosa dogo la hesabu mwanzoni linakuwa mamilioni ya kilomita mwishoni. Walilitafuta mahali walipodhani lipo, hawakulikuta. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu.

Unajua walifanya nini, Baba Mkubwa? Hawakuita kikao. Hawakugawa nafasi yake kwa jiwe lingine. Hawakukata kitu cha kufanana nalo wakakifukia. Waliliandika pamoja na yaliyopotea, wakaliacha na nafasi yake na karatasi zake, na kila mwaka kulikuwa na mtu wa kuuliza. Mimi nilikuja nikauliza. Niliipata nukta yake kwenye picha ambazo wengine walipiga wakitafuta vitu vingine kabisa, mbali sana na pale lilipotazamiwa. Nikafanya hesabu upya kurudi nyuma, na zikagusa zile picha za kwanza.

Nimefanya kazi na watu wanaoshughulika na mawe, wageni wasiojua hata Butula iko wapi, na naona aibu kusema kwamba wana subira zaidi na jiwe lisilo na mama kuliko subira uliyo nayo wewe na damu yako mwenyewe.

Wapi Austine alipo, mimi sijasema na sisemi. Lakini wapi Trizah alipo nasema: yuko kwake. Na miwa yako ipande kwako.

Brendah,
binti wa ndugu yako


Butula
Jumatano, 19 Machi 2025

Kwa Brendah,

Barua yako imefika. Sikuisoma mbele ya wazee kwa sababu mtoto hawafundishi wazee kuzika. Tangu lini? Sisi tulikuchangia karo, tukauza ng'ombe wa ukoo uende shule, leo unatuandikia mambo ya mawe na sahani.

Mimi si mtu mbaya kama mama yako anavyokwambia. Mtu asiyezikwa hutangatanga. Wewe mwenyewe umeandika kwamba hilo jiwe linazunguka huko gizani halina mahali pa kutua. Ndivyo alivyo Austine. Anakuja kwenye ndoto za watu, watoto wangu wawili wameugua bila daktari kuona ugonjwa. Jiwe likipotea hakuna boma linaloharibika. Mtu akipotea, boma linaharibika. Hilo hamkufundishwa chuoni.

Habari ya miwa ni uchochezi. Shamba haliwezi kulala bure wakati watu wanakula.

Hema limeagizwa. Kaburi vijana watachimba Ijumaa, mbele ya nyumba yake kama inavyopasa. Okiria nimemwita atoe ushahidi. Wewe njoo, au usije.

Mzee Methuselah,
Mwenyekiti wa ukoo


Burumba, Busia
Jumapili, 23 Machi 2025

Brendah mwanangu,

Leo salamu ninazo. Habari ya huko? Sisi ni wazima, mimi, Trizah na mtoto. Magoti tu ndiyo yananisumbua, na sababu utaijua.

Nilikwambia uandike kwamba yuko hai, na wewe hukuandika. Nilikasirika, nikasema hata kuniokoa huyu mtoto anashindwa kusema neno moja. Halafu nikamsomea Trizah ile barua pale stoo, tukafika mahali pa "hawakukata kitu cha kufanana nalo wakakifukia," Trizah akasema, "Mama, soma tena hapo." Nikasoma tena. Hukudanganya, na bado umempiga kofi. Hiyo sikujua kama inawezekana.

Jana tulienda, sisi wawili. Mtoto tulimwacha Malaba kwa nyanyake. Hema, viti, watu kibao, sufuria za wali zinachemka, nyama inanukia. Wanawake wa ukoo wameshafunga leso viunoni, wananitazama. Unajua kwetu kilio huanzwa na mama. Mama asipolia hakuna wa kufungua mdomo. Nikaketi. Sikulia. Trizah akaketi karibu yangu na nguo yake nyekundu ya sokoni, hakulia. Watu wakatazamana, kanisa zima na jirani zake.

Methuselah akaona aibu inamjia, akamsimamisha Okiria. "Wewe ulikuwa naye. Sema mbele ya watu, ulimwona Austine akifa?"

Okiria akashika kofia yake, akatazama chini, hakunitazama mimi hata kidogo. Akasema, "Mzee, mimi nilikimbia. Nikaingia kwenye nyasi. Mimi niliona nyasi." Akarudi akaketi. Watu wakaguna, mwanamume mzima kukiri woga mbele ya umati, na wengine wakacheka. Alikubali wamcheke. Mungu ambariki yule mtu kila anapovuka mpaka.

Nikasimama mimi nikasoma barua yako. Yote, mpaka miwa. Pale kwa miwa vijana walipiga mbinja. Methuselah akapiga kelele kwamba mambo ya wanawake na mawe yamekwisha, leteni mgomba. Wakauleta. Umefungwa shuka jeupe na kamba tatu, umebebwa na wanaume wanne kama mtu. Nikaona wanaelekea shimoni na hakuna wa kuwazuia, wazee wanatazama viatu vyao.

Basi nikaenda mbele yao nikaingia kaburini.

Usiniulize niliwezaje na haya magoti. Nilikalia ukingo, nikajiachilia, nikaanguka ndani. Nikaketi huko chini, nikapanga leso yangu vizuri. Nikasema, "Methuselah! Ulitaka kufukia mtu wa nyumba hii. Nimekuja. Fukia!"

Brendah, kelele! Unajua mtu hai kuingia kaburini kwetu ni mwiko gani. Wale wanne waliutupa mgomba chini wakaruka nyuma. Akina mama wakakimbia na watoto. Wapishi wakaacha sufuria. Methuselah alibaki pale juu, akaniita mchawi, nikamjibu, "Ndiyo, endelea." Kaburi lile sasa limeharibika. Ni lazima litakaswe kwa kondoo, na kondoo ni wa aliyeagiza lichimbwe, na kabla ya hapo hakuna mzee atakayekanyaga ile ardhi kugawa chochote. Walinisaidia kutoka Trizah na Okiria, kila mmoja mkono wake. Usiku huo Trizah alilala kwake.

Methuselah atarudi, namjua. Lakini hatarudi mwaka huu.

Kuna kitu nataka nikwambie, na sitaki unijibu kwa hekima. Nilipokuwa mle ndani, udongo ulikuwa baridi, na kuta zilikuwa zimekatwa vizuri na jembe, kwa upana wa mtu. Wa mtu mrefu. Vijana waliochimba wanamkumbuka alivyokuwa. Nikaweka mkono ukutani na kilio kikanijia, Brendah, kile cha kweli, kilichokaa tumboni miaka mitano. Kilifika hapa kooni. Watu wako juu wananitazama. Nikasema, Zilpa, ukitoa sauti moja tu, binti ya Austine hana nyumba. Nikakimeza. Kimekataa kushuka, mpaka sasa ninapoandika kiko hapa.

Mimi sitaweza kumlilia mtoto wangu mpaka mtoto wake awe mkubwa. Hiyo nimekubali, ulitaka nikubali kitu, basi ni hicho.

Lakini wewe uko Nairobi. Huko ukoo hausikii. Mlilie kaka yako. Usilie kisomi, na kitambaa. Lia vile tunavyolia nyumbani, kwa sauti, umwite jina lake lote, majirani wakija waambie mama yako amekutuma. Ukimaliza kilio chako, endelea, unililie na changu.

Mimi kesho nafungua duka.

Mama yako,
Zilpa